Watu wa Karatasi Waenda Bungoma

Nilipomaliza chuo kikuu nikiwa na shahada ya fizikia, nilirudi kwetu Matisi, mjini Kitale, nikakaa kwenye meza ya mama na kuanza kukata watu wa karatasi. Hiyo haikuwa kazi niliyosomea. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, ajira zilikuwa zimekauka, na kijana akikaa nyumbani muda mrefu akili yake humla. Yangu ilikuwa imeanza kunila kutoka pembeni.

Jirani yetu mmoja alikuwa mpiga video wa harusi. Jumamosi kamera yake haikupumzika, lakini siku nyingine ilikaa ndani ya mfuko. Nikamwomba tujaribu jambo. Nilichora watu wa angani kwenye karatasi ya manila, nikawakata, nikaunganisha mikono na miguu yao kwa uzi na vifungo vya shati. Tukatandika shuka ya bluu sakafuni, nikaichora nyota kwa chaki, na yeye akaielekeza kamera chini. Anabonyeza, anaachilia, mimi nasogeza mguu kidogo, anabonyeza tena. Mama alipita na sufuria ya chai, akatukuta tumepiga magoti kuzunguka shuka, akauliza kama tunaombea mtu.

Kamera ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kila alipobonyeza, ilimeza muda mwingi kuliko tulivyotaka, kwa hiyo watu wangu hawakutembea. Walishtuka, wakaganda, wakashtuka tena, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa msafiri wa nyota aliyeitwa Mikono Minne, na sauti yake niliitoa mimi. Mwingine alikuwa Mashine, mrefu, mwenye kichwa cha mraba na taa kifuani, na sauti yake aliitoa mpiga video akiwa ameingiza mdomo ndani ya debe tupu. Walitua kwenye sayari, wakaona jambo la ajabu, wakaondoka. Hadithi yenyewe haikuzidi hapo.

Kanda zetu zilikwenda Bungoma, kwa sababu mpiga video alikuwa akimpelekea kanda mwenye ukumbi mmoja wa video huko. Mwenye ukumbi aliziweka mwanzoni, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, kabla ya filamu ya karate. Siku moja nilikwenda kujionea. Kabla sijafika mlangoni nikawaona watoto wawili barabarani wakitembea kwa kushtuka na kuganda, mabega yameinuka. Nilisimama pale nikaegemea ukuta wa duka la mbolea. Watu wangu walikuwa wametoka kwenye shuka ya mama na kuingia kwenye miguu ya watoto nisiowajua.

Lakini mwenye ukumbi, mtu mnene mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata juani, hakuwa na habari nzuri.

"Madam, watoto wanapenda," aliniambia. "Shida ni wakubwa. Wanaulizana, hii ni nini inarukaruka? Wanaanza kupiga mbinja."

"Labda wakizoea—"

"Hawazoei, bana. Wanataka watu. Si unajua wale wa vichekesho?"

Niliwajua. Kila mtu Bungoma aliwajua. Kilikuwa kikundi cha waigizaji wa hapo hapo mjini, na huyo huyo jirani yangu ndiye aliyewapiga video. Mchezo wao ulikuwa wa mfululizo, kuhusu nyumba ya mkulima mmoja mkaidi, mke wake mwenye maneno makali, na binti yao. Nilikuwa nimetazama kanda zao zote, nyingine mara mbili.

"Changanya watu wako na wale," alisema. "Hawa wako watoke angani, watue kwa shamba la yule mzee, lakini watoke watu kamili, wa nyama. Wakubwa wakicheka, katuni zako zinakaa hapa. Wasipocheka, uje uchukue kanda zako na tusisumbuane."

Wakati huo mjomba wangu alikuwa amenitafutia kazi ya karani kwenye ghala la mahindi huko Moi's Bridge. Nilikuwa nimemwomba asubiri kidogo. Hakupenda kusubiri. Kwa hiyo nilijua wazi kinachonisubiri: watu wa Bungoma wacheke, au nikaandike magunia.

Nilirudi Kitale nikiwa na furaha iliyoninyima usingizi, na ndani ya furaha hiyo maswali yakaota kama magugu baada ya mvua. Watu wangu walikuwa wa karatasi, na niliwachora upande mmoja tu. Hakuna aliyewahi kuwaona kwa mbele. Watoto wa Matisi walikuwa wakibishana kama Mashine ana jicho moja au mawili, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Sasa nitamleta mtu mwenye nyama, mwenye mgongo na kisogo. Je, wataamini ni yule yule? Na Mikono Minne, mikono miwili ya ziada itatoka wapi? Na chombo chao kikitua shambani, si moto wake utaunguza mahindi yote, na mkulima ataanzaje kuwakaribisha watu waliomletea njaa? Na hewa yetu, je, wataivuta?

Nilimpelekea maswali hayo kiongozi wa kikundi, ambaye ndiye aliyeigiza mkulima. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ushonaji, barazani pa duka moja karibu na soko. Alinisikiliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Wewe unafikiri sana, madam," alisema. "Kwetu mgeni akifika haulizwi anavuta hewa gani. Anaulizwa kama amekula."

"Na moto wa chombo?"

"Tutasema mahindi ilikuwa imeshavunwa. Umemaliza?"

Mikono Minne alitatuliwa siku hiyo hiyo. Dada wawili wa kikundi walikuwa wembamba kama fito. Kiongozi aliwashonea gauni moja pana, mmoja akasimama nyuma ya mwenzake na kutoa mikono yake kwapani mwa wa mbele. Walipojaribu kunywa soda, mkono wa nyuma ukaikosa midomo na kuimimina sikioni. Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama.

Mashine nilimchagua mwenyewe. Kulikuwa na kijana mrefu katika kikundi, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye kwenye mchezo alikuwa akiigiza mchunga ng'ombe. Alikuwa na miguu mirefu na utulivu fulani. Nilipomwonyesha namna Mashine anavyotembea, hakucheka. Alitazama kanda, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Kisha akasimama katikati ya karakana yake, kati ya mageti yaliyoegemezwa, akageuka upande, na kushtuka. Akaganda. Akashtuka tena. Hakugeuza uso hata kidogo. Alibaki upande, kama nilivyomchora. Ilikuwa kama mtu niliyemwota amenipita sokoni na kunisalimia.

"Hivyo?" aliuliza.

"Hivyo hivyo! Usibadilishe kitu!"

"Na huyu Mashine anakutana na nani pale kwa boma?"

"Na mama wa nyumbani," nilimwambia, nikiwa nimechangamka. "Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Anamshika mkono, wanasalimiana, halafu anaingia jikoni kwake kumsaidia kupika."

Alichukua kitambaa akafuta mikono, ingawa haikuwa na mafuta. "Sawa, madam," alisema. "Tutaona."

Nilipowasomea wengine sehemu hiyo, waliangaliana. Kiongozi alikohoa. Nikaamini hawakupenda maneno niliyoandika. Nikaenda nyumbani kuandika upya ile salamu, kisha nikaiandika tena. Niliwaza Mashine atoe mkono wa kulia au wa kushoto, aushike kwa muda gani, vidole vyake viwe vya baridi au la. Niliwaza kila kitu kuhusu mkono huo, isipokuwa ulikuwa mkono wa nani.

Siku ya kupiga video ilikuwa ya kawaida katikati ya wiki, kwa sababu mpiga video alikuwa na harusi mfululizo mwishoni mwa wiki zote zilizofuata. Waigizaji nao walikuwa wamekubali kuacha kazi zao siku hiyo moja tu; isingekuwa siku hiyo, isingekuwa tena. Tulikutana nyumbani kwa kiongozi, nje kidogo ya mji, penye nyumba ya mabati, jiko la udongo pembeni, na shamba lililokwisha kuvunwa kweli. Vazi la Mashine lilikuwa katoni za sabuni zilizounganishwa na kupakwa rangi ya fedha, ile ile ambayo kijana wetu hupaka mageti yake, na tochi imefungwa kifuani. Kichwa kilikuwa boksi la peke yake, na lilikuwa bado halijakauka.

Mama wa nyumbani, yule mwigizaji mwenye maneno makali, alikuwa akiuza nguo za mitumba sokoni na alichelewa kufika. Aliingia kwa lango la nyuma, akatokea kwenye kona ya jiko akiwa amejitwika bakuli la mahindi. Kijana wetu alikuwa amesimama hapo, mwili wote ni Mashine, kichwa bado ni chake.

Sijawahi kuona watu wawili wakitoweka haraka hivyo. Mama alivuta leso usoni, akageuka, na kuingia jikoni. Mahindi yakamwagika. Kijana aliruka ua wa michongoma, katoni na yote, akapotea kwenye mabua ya mahindi, tukabaki tukiyaona yakitikisika.

"Wamegombana?" niliuliza.

Kiongozi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi. "Madam, yule ni mkwe wake. Ameoa binti yake wa kwanza."

"Kwa mchezo?"

"Kwa ukweli! Ati kwa mchezo."

Sisi wa Matisi tulilelewa kwa Kiswahili, baba wa huku na mama wa kule, na mila za pande zote mbili zilitufikia zikiwa zimechoka. Nilikuwa nimesikia kwamba huko Bungoma mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hawashikani mikono, wala mkwe haingii anapopikia. Nilikuwa nimesikia tu, kama unavyosikia kina cha mto ambao hujawahi kuuvuka. Na nilikuwa nimetazama kanda zao zote! Ndipo nikakumbuka: mchunga ng'ombe hakuwahi hata mara moja kuonekana pamoja na mama wa nyumbani. Akiingia huyu, yule amekwenda kisimani.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua. Tukasema huyu amesoma, ana njia yake." Akajikuna shingo. "Na mambo ya mkwe, si kitu ya kuanza kuelezaeleza."

Tulijaribu kumvika mtu mwingine. Mpiga video mwenyewe alijitolea, lakini katoni zilimfika chini ya magoti, akatembea kama mfuko wa saruji. Tulijaribu mmoja wa dada wa Mikono Minne, gauni likabaki na mikono miwili. Mtu mmoja akasema kwamba kijana akishavaa kichwa, si mkwe tena, ni Mashine, na mashine haina ukwe na mtu.

Sauti ya mama ikatoka ndani ya jiko. "Na miguu?"

Tukaligeukia jiko.

"Nyinyi semeni ni mashine. Hiyo miguu mimi naijua. Niliiona ikileta ng'ombe kwangu."

Watu waliangua kicheko, hata mabua ya mahindi yakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama jua. Nilikuwa nikihesabu magunia ya Moi's Bridge yakipangwa mbele yangu hadi uzeeni. Nikaanza kumwambia kiongozi kwamba tuache, kwamba labda Mashine abaki wa karatasi kama alivyokuwa, kwamba kosa ni langu, kwamba nitamweleza mwenye ukumbi.

"Msichana wa Kitale," mama aliita kutoka jikoni. "Bado uko?"

"Niko, mama."

"Huyo mtu wako wa chuma. Huko kwao angani hakuna mama wakwe?"

"Sijui, mama. Sikufikiria."

"Basi fikiria, si ndiyo kazi yako? Kama wako, yeye amefika hapa, ameona mama, ameogopa. Ni mtu wa heshima. Akae nyuma ya jiko. Mimi nikae mbele. Tuongee na ukuta katikati, kama watu."

Nakumbuka kwamba nilifungua mdomo ili kueleza kwa nini haiwezekani. Mashine hakuwa na hisia; nilimtengeneza hivyo. Alikuwa wa hesabu na taa. Hakuwa na sababu ya kumwogopa mama yeyote. Lakini kabla sijasema, nilimwona akilini mwangu: ameganda nyuma ya jiko, uso upande, taa ya kifua inawaka na kuzimika kwa wasiwasi. Alikuwa mzuri kuliko yote niliyoandika. Na yule aliyechorwa upande mmoja, asiyegeuza uso kumtazama mtu, tayari alikuwa amekaa kama mkwe tangu siku ya kwanza. Sikuwa nimejua.

"Ndiyo!" nilipiga kelele. "Ndiyo, mama! Mpiga video, kamera iwe pale kwenye kona, iwaone wote wawili!"

Tulifanya kazi kama watu wanaozima moto. Mama alitoka akapewa kigoda mbele ya jiko, mgongo ukutani. Kiongozi alikwenda kumwongoza kijana kutoka kwenye mabua, akamzungusha mbali, akamsimamisha upande wa pili. Maneno yangu yote ya salamu niliyakunja nikayatia mfukoni. Walisema yao.

"Nani huko nyuma?" mama aliuliza, akipukuchua mahindi.

"Ni mimi," Mashine alijibu kwenye boksi. Shtuka. Ganda. "Nimetoka juu."

"Juu wapi? Kapsokwony, huko mlimani?"

"Juu zaidi."

"Mbona huingii?"

Taa ikawaka, ikazimika. "Naogopa."

Mama aliacha kupukuchua. Akaangalia mahindi yake, na uso wake ukabadilika polepole, ukawa wa mtu aliyegundua jambo tamu. Akamwita mume wake kwa sauti ya kupasua mabati: "Baba! Njoo! Huyu kitu ya chuma amekuja kuposa!"

Kiongozi akatoka mbio, akishikilia suruali isiyofungwa mkanda, akaanza papo hapo kuuliza huko angani wanafuga ng'ombe wa aina gani. Mikono Minne, ambaye sasa alikuwa mshenga, alihesabu ng'ombe kwa vidole vya mikono yote, mkono mmoja ukipinga hesabu ya mwingine. Mpiga video alikuwa akicheka hadi kamera ikatikisika, na mimi nikauma leso yangu ili sauti yangu isiingie kwenye kanda.

Tulionyesha Jumapili mchana, baada ya watu kutoka kanisani. Wengine walikuja na Biblia zao mkononi. Mama wa nyumbani alikaa benchi la mbele kabisa, upande wa wanawake. Kijana alisimama nje ya dirisha la nyuma, akitazama juu ya vichwa vya watu. Mimi nilisimama karibu na mlango, tayari kukimbia.

Kwanza katuni ilikuja kama kawaida: shuka ya bluu, nyota za chaki, chombo kinatua. Mbinja zikaanza upande wa wanaume. Kisha picha ikabadilika, na Mashine akatokea shambani, kwenye jua halisi, ana kivuli. Mbinja zikakatika.

"Si yeye," mtoto mmoja alisema.

Nikaushika mlango.

Mashine akashtuka. Akaganda. Akashtuka.

"Ni yeye! Ni yeye! Ona anatembea!" Watoto wote walisimama juu ya mabenchi, wakubwa wakiwavuta kwa mashati. "Ni yeye ametoka!"

Lakini watoto hawakuwa shida yangu, na nilijua. Niliwatazama wakubwa. Walikuwa wametulia, mikono kifuani. Ndipo Mashine akafika kwenye kona ya jiko, akamwona mama kwa mbali, na akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya ukuta, akaganda hapo upande upande. Mzee mmoja mbele yangu alitoa sauti ndogo puani. Jirani yake akamgusa kiwiko. Mashine aliposema "Naogopa", ukumbi ule ulipasuka. Watu wazima walilalia mabega ya wenzao. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso akapiga benchi kwa kofi. Mwanamume mwenye suti ya kanisani alisimama, akaelekeza kidole kwenye skrini na kupaza sauti: "Huyu amelelewa! Huyu amelelewa vizuri kuliko vijana wetu!"

Ilipofika posa, maneno ya kwenye kanda hayakusikika tena. Walikuwa wakibishana wao wenyewe. Mmoja alisema mtu wa chuma alete mabati. Mwingine akasema mabati hayanyonyeshi, alete ng'ombe kama kila mtu.

Nilimtafuta mama wa nyumbani. Alikuwa ameinua leso hadi puani, macho yakiwa kwenye skrini, ambapo yeye na mkwe wake walionekana pamoja kwa mara ya kwanza, ukuta wa udongo katikati yao. Watu walipoanza kutoka, alinipita mlangoni, akanishika bega.

"Umeona? Nimeongea na mtoto wangu mchana kutwa," alisema, "na hakuna mtu amevunjiwa heshima." Kisha akatoka kwa lango la mbele, akizunguka mbali na lile dirisha la nyuma.

Mwenye ukumbi alikuwa ameinama kwenye mashine ya video, kofia imemteleza. Watu waliokuwa wamelipia karate walikuwa wakigonga mabenchi na kuita kwa pamoja, "Rudisha! Rudisha!" Aliinua uso akanitazama, akafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati.

"Madam," aliniambia, "hiyo karate ingojee." Akabonyeza, na kanda ikaanza kurudi nyuma, Mashine akishtuka kinyume kuelekea kwenye nyota zangu za chaki, huku watoto wakipiga makofi hata kwa hilo.

Jumatatu nilimpigia mjomba simu kutoka posta ya Kitale. Alikasirika, akaniuliza kama hao watu wa angani watanioa. Nilimwambia sijui, lakini mmoja wao ameshaposa, na nikatoka kwenda kununua karatasi ya manila.